Matembezi ya Maji Kujaa

Asubuhi ya Idi ya Mfungo Mosi mashua za kisiwa cha Chovae huwa zimelala mchangani. Mwezi umeandama jana, na mwezi ukiwa mchanga bahari iko katika bamvua: saa nne asubuhi maji yamekimbia mbali, miamba na mwani viko wazi, na hayarudi kujaa mpaka karibu saa kumi alasiri. Ndivyo ilivyo pwani yetu, toka Kismayuu hadi Mombasa. Basi sala husaliwa, kanzu mpya hupelekwa nyumba hadi nyumba, watoto hukusanya mkono wa Idi, wakubwa hula wakajinyoosha kidogo, na vyombo hungoja. Bibi yangu alizaliwa kisiwani humo akazikwa Mombasa. Alituambia kwamba siku hiyo hakuna aliyekaa nyumbani akatulia. Kila mara mmoja alitoka kwenda kutazama maji yamefika wapi.

Walichongoja ni matembezi.

Neno hili nalipenda kwa sababu linatukumbusha jinsi watu wa visiwani wanavyoijua safari. Bara, mtu akisema ametembea utamtazama viatu. Kwetu unaweza kutembea nawe umekaa kitako ubavuni mwa mashua, mkono unaparuza maji, hujainua mguu tangu ulipopanda. Chombo kikibeba boriti au ng'onda kinasafiri. Kikibeba bibi, mashangazi, wajukuu na sinia ya mahamri, bila bei ya kukipeleka wala soko la kukiwahi, kinatembea.   Raha yetu ya kutoka bila haja ilikuwa na tanga, na siku zake zilikuwa sikukuu.

Chovae ni kimoja katika mkufu wa visiwa vya matumbawe vilivyopangana kandokando ya pwani kusini ya Kismayuu: Koyama, Ngumi, Chovae, Chula, na vingine vidogo kuelekea Kiamboni. Ni kisiwa kirefu chembamba, kimelala sambamba na bara. Upande wa nje mawimbi ya bahari kuu hupigana na mwamba. Upande wa ndani, baina ya kisiwa na bara, mna maji yaliyotulia. Maji hayo ya ndani ndiyo uwanja wa matembezi. Hata Kusi linapovuma kwa nguvu na vyombo vya safari ndefu vimepandishwa ufuoni, humo ndani mashua bado inaweza kutweka tanga dogo ikatoka na kurudi salama.

Na Idi haichagui upepo. Inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Utoto mmoja unaweza kuikuta katika Kaskazi na ujana ukaikuta katika Kusi. Upepo wenyewe unafuata jua. Ndiyo maana manahodha wetu wa zamani walikuwa na mwaka wao wa pili, unaoanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo: siku kumi kumi mara 36, na tano za kutimiza 365. Siku hizi tukisema mwongo tunakusudia miaka kumi. Nahodha alikusudia siku kumi, naye alijua katika mwongo upi bahari hufungwa na katika upi hufunguliwa. Alibeba kalenda mbili kichwani, moja ya ibada na moja ya tanga, na alasiri ya Idi alizisoma zote mbili kabla hajamwambia mtu yeyote apande.

Hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu ulipo. Watu wengi humsifu nahodha wa dhoruba. Mimi namsifu nahodha wa matembezi, kwa sababu kazi yake ni ngumu kwa namna ambayo abiria hatakiwi kuiona. Mashua ya shehena ina uzito chini, imekaa. Mashua ya Idi ni nyepesi, na watu wake wako juu, wanasimama, wanapungia waliobaki ufuoni. Lazima kwanza itiwe farumi, mawe au mifuko ya mchanga, hata kama mwenye haraka atasema ni kupoteza muda. Kisha watu hupangwa: wazito upande wa joshi, unakotoka upepo, watoto katikati, bibi karibu na nahodha ili asirushiwe maji. Kupanga huku hufanywa kwa maneno ya heshima, kana kwamba kila mtu anapewa kiti cha fahari. "Bibi, njoo hapa, hapa pana kivuli." Kivuli cha tanga kitahama baada ya kitambo kidogo, naye anajua.

Halafu kuna swali la kuanza wapi. Kusi hufuata mlango wa bahari likitokea kusini. Asiyejua atatoka na upepo nyuma, raha tupu, kisha jioni awarudishe watu waliochoka kwa kubisha dhidi ya upepo, mashua imelala ubavu, nguo za Idi zimelowa chumvi. Fundi hubisha kwanza. Huwapeleka kusini wakiwa wana hamu, wanacheka kila rasharasha inapowapiga. Na kila mara anapogeuza, watu hushiriki: tanga letu limeshikwa na foromali, mti wake wa juu, na kulipeleka upande wa pili si kulisukuma tu. Chombo hupewa upepo nyuma, foromali husimamishwa wima sambamba na mlingoti, tanga likazungushwa mbele yake, na kila kichwa kimeinama. Fundi hupima njia yake ili ageuze mara chache awezavyo. Akifika mwisho wa njia hufungua demani, kamba ya tanga, na ghafla kelele zote hunyamaza. Ukienda na upepo huusikii. Bibi alisema hapo ndipo watoto walipolala, na wanawake wakaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Ufundi huu una nasaba. Wabajuni, watu wa visiwa hivi, walikuwa miongoni mwa waundaji na mabaharia wa mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja: mbao zimetobolewa kwa keke zikashonwa kwa kamba ya usumba, tanga ni jamvi la miyaa la pembe nne. Maandishi ya Kiyunani ya karne ya 1, yale ya Periplus, yanataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita bahari hii akitoka Mogadishu kwenda Mombasa, alieleza kwa nini vyombo vya Bahari ya Hindi hushonwa: cha msumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hulegea. Kwa mtu wa Chovae, mwenye miamba mlangoni, hiyo haikuwa habari ya kitabuni. Chombo kilifundishwa kulegea, na nahodha naye. Katika karne ya 20 mitepe ilikwisha baharini. Mwaka 2003 mmoja uliundwa upya ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Njia za bahari hazikuanguka, zilikatwa. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na mpaka ukapita kati ya watu wa ukoo mmoja: Chovae na Chula upande wa Italia, Faza na Kizingitini upande wa Uingereza. Vyombo viliendelea kuvuka, maana upepo haukuulizwa. Kisha ukaja 1991. Rais wa Somalia, Siad Barre, alikimbia Mogadishu mwezi wa Januari, Kaskazi likivuma, na vita viliposhuka hadi Kismayuu watu wa visiwani walipanda vyombo vyao wakashuka kusini, Lamu, Malindi, Mombasa. Wengi waliishi kwa miaka katika kambi ya Jomvu. Bibi alikuja hivyo. Alituambia kwamba chombo kilichomleta kilipangwa kama cha Idi, wazito joshi, watoto katikati, na nahodha akasema maneno yale yale ya heshima, ila hakuna aliyeimba.

Wajukuu wa watu wale leo wako mbali zaidi. Huko Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wamehojiwa juu ya visiwa na lahaja yao ili ijulikane kama kweli wametoka huko. Nikilifikiria hilo huona uchungu. Mtoto hujifunza visiwa kwa kupelekwa kutembea. Mtu humwonyesha kwa kidole, pale Ngumi, pale Chula, naye akashika. Aliyezaliwa wakati bahari imejaa hofu hakupelekwa. Aliulizwa juu ya matembezi ambayo vita vilimnyima.

Kwa hiyo bibi alitutembeza kwa maneno, barazani Mombasa, jioni za Idi. Alianza daima na maji. Yanafika kwenye usukani, mashua inatikisika, inanyanyuka. Vijana wanaisukuma mpaka kifuani. Tanga linatwekwa. Wanakwenda kusini wakibisha, wanageuka, wanarudi kimya. Karibu na Magharibi nahodha hutua tanga mapema, kabla kina hakijapungua mno, na kijana hushika upondo akasukuma polepole, akitazama rangi ya maji ili asikwaruze matumbawe. Wanashuka pale pale walipopandia. Mzee aliyebaki ufuoni huwauliza walikuwa wapi.

"Tulikuwa tukitembea," humjibu.