Mlango wa Saa Nane Usiku

Mlango ule haukupaswa kufungwa. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta nimesimama upande gani. Kichanga wa siku 21 alilazwa peke yake chumbani, mlango ukarudishwa, na alipoanza kulia saa nane usiku baba yake, mpwa wangu, akabaki sebuleni na simu mkononi, akihesabu dakika. "Shangazi, mwache," akaniambia. "Anajifunza kulala."

Ilikuwa Zuzu, kwenye moja ya nyumba mpya zilizoota huku kwetu tangu serikali ihamie Dodoma: bati jekundu, vyumba vitatu, kimoja kimepakwa rangi ya anga kabla hata mimba haijajulikana na majirani. Nimelisema hili mpaka ndugu zangu wamechoka nami. Ukijenga chumba cha mtoto, utatafuta sababu ya kumweka humo. Kwenye tembe, nyumba zetu za zamani, kosa hili lisingewezekana, maana palikuwa na ngozi moja ya ng'ombe, moto mmoja, na mzazi na mwanawe chini ya shuka moja.

Turudi kwenye dakika zenyewe. Ya kwanza hadi ya tatu mtoto aliguna, akajinyonganyonga, akakunja uso. Hapo baba alikuwa sahihi kusubiri. Mliolea mnaujua usingizi ule mwepesi, macho yakizunguka chini ya kope na mdomo ukitabasamu bila sababu. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni wa namna hiyo, na mzunguko mmoja haufiki hata saa nzima. Anayemnyakua kwa kila mguno humwamsha mtu aliyekuwa akipita tu kutoka usingizi mmoja kwenda mwingine.

Dakika ya nne mambo yakabadilika. Mdomo wazi, kichwa kinageuka kushoto na kulia, ngumi inaingia kinywani. Hiyo ni njaa, na wala hajaanza kulia. Mama yake alikuwa macho, kanga imeshaloa maziwa. Akanyanyuka. Akaambiwa akae, ratiba ya programu ya simu inasema kunyonya ni saa kumi na moja. Ndipo kilio kikaanza. Dakika ya 10, ya 20. Ya 26 sauti ikakatika, na kijana akanigeukia kama kocha aliyeona bao.

Bao lipi? Mtoto alikuwa amechoka. Saa ya mwili inayotenga usiku na mchana huanza kukaa sawa mwezi wa pili au wa tatu. Kabla ya hapo kichanga halali kwa kufuata giza, analala kwa kufuata tumbo. Tumbo lenyewe ni dogo, maziwa ya mama husagika upesi, na ndiyo sababu tunaambiwa kliniki mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Homoni inayoamrisha maziwa hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo mlango wa saa nane ulikuwa ukimfungia mtoto chakula cha usiku ule na kupunguza cha kesho yake. Hata Richard Ferber, daktari wa Boston ambaye mbinu hii ya kumwacha mtoto alie imepachikwa jina lake tangu kitabu chake cha 1985, hakuwa akisema habari za mtoto ambaye hajatimiza arobaini.

Na nina ugomvi wa zamani na vitabu vya wageni. Benjamin Spock, aliyesomwa na mamilioni, katika matoleo ya miaka ya 1950 alishauri watoto walazwe kifudifudi. Ikapita miaka mingi hadi Uingereza mwaka 1991, kisha Marekani mwaka 1994, zilipoanza kampeni za kuwageuza chali, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Bibi yangu naye alitulaza kifudifudi, haya, nakubali, tuendelee.

Maana kwenye hili la kilio Bibi hakushindwa na mtu. Mary Ainsworth alipokwenda Uganda mwaka 1954 kukaa na akina mama wa Kiganda, aliwaona walio wepesi kuwaitikia watoto wao. Baadaye, kule Baltimore, yeye na Silvia Bell walifuatilia vichanga kwa mwaka mzima, wakachapisha mwaka 1972: walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo walikuwa wakilia kidogo kuliko wenzao kuelekea mwisho wa mwaka. Na kule Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya, Charles Super na Sara Harkness walikuta mtoto wa miezi minne anaunganisha usingizi kwa saa nne na nusu hivi, huku mwenzake wa Marekani akifikisha nane. Mpwa wangu angesema Marekani imeshinda. Lakini mama wa Kokwet alilala na mwanawe, alimnyonyesha bila kuinuka, na asubuhi hakuwa na saa ya ofisi iliyomngoja. Hakuwa na shida ya kutatua.

Mengine chumbani mle yalikuwa sawa: chandarua kimechomekwa vizuri, godoro gumu, hakuna mto, mtoto chali. Safi.

Kilichotakiwa ni kidogo mno. Asubuhi mtoke naye barazani, jua la Zuzu halina bei; mchana msinong'one, kuku wawike. Usiku taa hafifu, mumnyonyeshe bila maongezi, bila kumchezea, mumcheulishe, mumrudishe angali analegea. Kitanda chake kiwe chumbani mwa wazazi, pembeni mwa kitanda chao, mkono ufike. Kulala naye kitanda kimoja siwatii moyo kwenye nyumba ambayo baba ameonja mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma au anavuta sigara, na pombe ya mtama nayo ni pombe.

Usiku ule, dakika ya 31 mtoto akaanza tena. Sikuomba ruhusa, shangazi haombi. Nikafungua, nikamtoa, nikampa mama yake. Alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akalala saa tatu.

Kitanda kilihamishwa asubuhi ile ile. Kile chumba cha rangi ya anga sasa kina magunia manne ya alizeti, na mpwa wangu ameanza kuniuliza eti mtoto aanze uji lini. Ana wiki sita.