Dawa za Kifafa na Foleti: Je, Ni Kweli Kwamba Hupingana?

Istilahi njema hupimwa kwa mambo mawili. Kwanza, je, inamwezesha mtaalamu kusema anachokijua bila ya kupunguza wala kuzidisha? Pili, je, msomaji asiye mtaalamu akiisikia, atabaki kwenye maana iliyokusudiwa, au atapelekwa kwenye maana nyingine? Mara nyingi sisi tunaoshughulika na lugha hutosheka na kipimo cha kwanza, na cha pili tukakiacha kijitafutie njia. Katika makala haya tunakusudia kuvitumia vipimo vyote viwili katika kuhakiki maneno yanayotumiwa kufasiri fungu moja la elimu ya dawa, nalo ni uhusiano uliopo baina ya dawa za kifafa na foleti. Fungu lenyewe ni dogo, lakini neno moja lililokosewa ndani yake laweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Foleti ni jina la jamii ya vitamini zipatikanazo katika mboga za majani, maini na jamii ya kunde. Jina la asidi foliki lilitolewa Marekani mwaka 1941 na watafiti walioitenga kutoka katika majani ya mchicha wa Kizungu, wakalitohoa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwili huhitaji foleti ili chembe zake zipate kugawanyika na kuongezeka. Fenitoini, kwa upande wake, ni dawa ya kifafa ambayo manufaa yake yalitangazwa mwaka 1938 na Merritt na Putnam huko Boston. Kufikia mwaka 1952 waganga walikwisha kuandika, kwa Kijerumani, juu ya wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za jamii hiyo wakapatwa na upungufu wa damu wa namna ya pekee, ambamo chembe nyekundu huwa kubwa kupita kiasi na changa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba fenitoini, fenobabitoni na primidoni huweza kupunguza foleti mwilini.

Lakini habari haikuishia hapo. Wagonjwa walipopewa asidi foliki ili kufidia upungufu huo, ilionekana kwamba kiwango cha fenitoini katika damu ya baadhi yao kilishuka. Mwaka 1967 E. H. Reynolds alitoa taarifa kwamba miongoni mwa wagonjwa waliopewa asidi foliki wako waliopata nafuu ya akili, na wako ambao vipindi vyao vya kifafa viliongezeka. Majaribio ya kulinganisha yaliyofanywa baadaye hayakuithibitisha hofu hiyo kwa wagonjwa wote. Hata hivyo tahadhari ilibaki. Jaribio kubwa la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1991, liliwashirikisha wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi 7. Lilionyesha kwamba miligramu 4 za asidi foliki kwa siku hupunguza kwa asilimia 72 kurudia kwa ulemavu wa mgongo wazi na wa jamii yake. Wanawake wenye kifafa hawakuingizwa katika jaribio hilo, kwa kuchelea kwamba asidi foliki ingeweza kuwadhuru. Basi wale ambao dawa zao hupunguza foleti ndio walioachwa nje ya jaribio la foleti.

Sasa tuyatazame maneno. Tuchukue sentensi ambayo mfasiri yeyote mwenye haraka angeweza kuiandika: "Dawa za kifafa na asidi foliki hupingana, kwa hiyo zisitumiwe pamoja bila ya ushauri wa daktari." Sarufi ya sentensi hii haina dosari, na mtaalamu akiisoma huenda akaridhika. Lakini na tumfikirie mama mjamzito mwenye kifafa ambaye amepewa fenitoini hospitalini, kisha kliniki ya wajawazito ikampa vidonge vyenye madini ya chuma na asidi foliki. Akiisoma sentensi hii ataelewa kwamba vitu hivi viwili ni maadui, na kwamba hana budi kuchagua kimoja. Akiiacha fenitoini ghafula, kifafa chaweza kumrudia kwa nguvu, naye na mtoto wakawa hatarini. Akiviacha vidonge, atakosa vitamini ambayo yeye, kuliko wengi, anaihitaji. Watafiti hawakusema lolote kati ya hayo. Walichosema ni kwamba vyote viwili hutumiwa, lakini chini ya uangalizi, na dozi hurekebishwa inapobidi.

Kosa limetokea wapi? Limetokea katika kiambishi. Kauli ya kutendana katika Kiswahili humaanisha kwamba pande mbili hutendeana jambo lile lile. Tukisema Asha na Juma wanasaidiana, msaada ni wa pande zote. Katika suala letu matendo ni mawili, na kila moja lina njia yake: dawa hupunguza foleti mwilini, asidi foliki, kwa kusaidia ini kuivunjavunja fenitoini, huweza kupunguza kiwango cha fenitoini katika damu. Tena kuna dawa ambazo hazifuati mkondo huo. Valproeti, kwa mfano, haizidishi vimeng'enya vya ini kama fenitoini. Inachofanya ni kuvuruga kazi ya foleti ndani ya chembe. "Hupingana" limeyafunika yote hayo kwa blanketi moja. "Hugongana" ni baya zaidi, kwa maana humkumbusha msomaji vita vya fahali wawili na nyasi ziumiazo, naye atajiona yeye ndiye nyasi.

Wako watakaosema: tutumie "mwingiliano", neno ambalo limekwisha kuzoeleka. Hatulikatai. Kama kichwa cha sura katika kitabu, au jina la somo, linafaa, kwa kuwa halimtishi mtu wala halimpi amri. Lakini nalo limejengwa kwa kauli ile ile ya kutendana, na likiachwa peke yake katika sentensi halielezi nani kamtenda nani. "Kuna mwingiliano baina ya fenitoini na asidi foliki" ni sentensi isiyomfaa muuguzi hata kidogo.

Iko sababu nyingine ya kulitunza neno "kupinga" lisitumiwe ovyo. Ziko dawa ambazo kwa kweli kazi yake ni kuipinga foleti. Mojawapo ni pirimethamini, iliyomo katika vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito katika nchi zetu kwa kinga ya malaria. Dawa hii humzuia kijidudu cha malaria asiweze kutumia foleti, na ndiyo maana asidi foliki ikizidi huweza kuharibu kazi yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mjamzito apewe miligramu 0.4 kwa siku, na kwamba dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP. Hapo upinzani upo, tena ndio ufundi wenyewe wa dawa. Tukilitumia neno hilo kwa fenitoini, tutakapofika kwa pirimethamini tutakuwa tumekwisha kuitumia akiba yetu.

Maneno mengine matatu yanahitaji kutazamwa. La kwanza ni "kiwango". Wafasiri wengi hulitumia kwa maana ya kiasi cha dawa anachomeza mgonjwa, na pia kwa maana ya kiasi kinachopatikana katika damu yake. Kwa fenitoini mchanganyiko huu ni wa hatari. Kiasi kinachotakiwa katika damu kwa kawaida ni baina ya miligramu 10 na 20 kwa lita. Na ini likikaribia ukomo wa uwezo wake wa kuivunja dawa hii, nyongeza ndogo ya kinachomezwa huleta ongezeko kubwa katika damu. Mtu akiandika "kiwango kikishuka, kiongezwe", kipi kimeshuka na kipi kiongezwe? Wananchi wanalo neno "dozi", na hakuna sababu ya kulionea haya.

La pili ni "dawa za kuzuia kifafa". Msomaji aliyezoea dawa za kuzuia malaria ataelewa kwamba hizi ni za mtu ambaye bado hajaugua. "Dawa za kutibu kifafa" nalo humpa mgonjwa matumaini kwamba akimaliza chupa amepona. Dawa hizi hutuliza vipindi vya ugonjwa maadamu zinatumiwa. Kwa hiyo "dawa za kudhibiti kifafa" linakaribia ukweli zaidi.

La tatu ni "vidonge vya kuongeza damu". Jina hili limetoka kwa watu wenyewe, nasi hatuna nia ya kuliondoa. Lakini linaificha asidi foliki. Mama akiulizwa kama anatumia asidi foliki, atajibu kwamba hatumii, naye anakunywa kila siku. Afadhali karatasi ya maelezo iandike jina la wananchi na jina la kitaalamu bega kwa bega.

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo. "Foleti" liwe jina la jamii nzima ya vitamini hii, na "asidi foliki" liwe jina la ile iliyotengenezwa na kutiwa katika vidonge. Tusiiite "vitamini ya majani", kwa kuwa imo pia katika maini na maharagwe, na jina hilo litachanganywa na mitishamba. "Mwingiliano wa dawa" libaki kuwa jina la somo. Lakini ndani ya sentensi mfasiri atumie kitenzi chenye mtenda na mtendwa: hupunguza, huzidisha, huchelewesha, huzuia. "Kupinga" liachiwe dawa ambazo kazi yake ndiyo hiyo. "Dozi" iwe ya kumezwa, na "kiwango" kiwe cha kupimwa katika damu.

Sentensi tuliyoihakiki yaweza basi kuandikwa hivi: "Baadhi ya dawa za kudhibiti kifafa hupunguza foleti mwilini. Asidi foliki nayo huweza kupunguza kiwango cha fenitoini katika damu. Usiache dawa yoyote. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, ili aangalie kama dozi inahitaji kubadilishwa." Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, na mpiga chapa huenda akalalamika. Hata hivyo, mwalimu aweza kuifundisha, muuguzi aweza kuisoma kwa sauti, na mama yule aweza kuondoka nayo nyumbani bila ya kulazimika kuchagua baina ya dawa zake. Wafasiri na watumishi wa idara za afya wenye mapendekezo bora zaidi ya haya wanaombwa wayalete, yapate kujadiliwa kabla ya maneno haya kusanifiwa.