Kelele au Mlio?

Hali ya mtu kusikia sauti isiyotoka nje mara nyingi huandikwa "kelele masikioni". Istilahi hii ina kasoro. Kelele hupigwa, nayo husikiwa na wote waliopo. Sauti hii kwa kawaida husikiwa na mgonjwa peke yake. Fundi vyuma wa Temeke akiulizwa zahanati kama anasikia kelele, aweza kutaja mashine za karakana yake, na dalili ikapita bila kuandikwa.

Jina "ugonjwa wa masikio kuvuma" nalo halifai. Hii ni dalili, si ugonjwa: yaweza kuletwa na makelele ya kazini, uzee, au dawa kama kwinini na streptomisini. Tena si kila sauti huvuma. Nyingine hulia kama nyenje.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana hali hii. Wataalamu wengi huona kuwa sikio la ndani likidhurika, ubongo ndio huiendeleza sauti. Kwa hiyo twapendekeza "mlio wa masikioni". "Mlio" huchukua sauti za kila namna, na kiambishi "-ni" hutaja mahali unaposikika, si unapozaliwa. Yafaa watafsiri waijaribu kwa wagonjwa kabla haijasanifiwa.