Viwanda vya Pate na Tumbaku Yake

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir husomwa zaidi kama mawaidha. Moyo unakemewa, dunia inafichuliwa hadaa yake, na majumba ya Pate yaliyoporomoka yanaletwa kuwa ushahidi. William Hichens alipouchapisha utenzi huo London mwaka 1939, aliupa jina la pili lenye maana ya kuzinduka kwa roho. James de Vere Allen, katika chapisho lake la mwaka 1977, naye aliielekea nafsi. Hakuna aliyekosea. Ila msomaji anayekimbilia funzo huzipita nyumba mbio, na ushairi umo nyumbani humo.

Mtunzi anaijua nyumba ya mawe chumba kwa chumba. Haridhiki kusema kwamba imeanguka. Anaingia ndani, anataja kila mahali kwa jina lake, kisha anamwonyesha msomaji mpangaji mpya. Madaka yaliyopambwa kwa sahani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Kumbini wanalia wadudu. Viwanda vimegeuka mwitu.

Neno hili la mwisho lataka kituo. Msomaji wa leo akisikia kiwanda hufikiri mashine na moshi. Katika nyumba za kale za Lamu na Pate, kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa, unaovipa vyumba mwanga na hewa. Mfasiri akiandika “uwanja” tu, ameipoteza nyumba yenyewe. Mwitu kuota uwanjani si ajabu. Ukiota kiwandani, umeota katikati ya maisha ya watu, mahali ambapo mgeni hakufika ila kwa hodi na idhini.

Anayefika Pate leo hakuti mwitu mtupu. Baina ya kuta za matumbawe wakulima hupanda tumbaku. Palipokuwa sakafu pana matuta. Msimu ukipita na majani yakavunwa, kuta husimama tena peke yake. Utenzi haukuifikiria bustani hii: ndani yake, baada ya wenye nyumba, hakuna mwanadamu anayeingia kufanya kazi.

Je, mshairi amesutwa? La. Alikuwa akiusemesha moyo wake, na moyo haukuhitaji habari za kilimo. Wanaokosea ni wale wanaoutumia utenzi huu kama hati ya kuziacha kuta zianguke, ati dunia ndivyo ilivyo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Magofu ya Pate hayamo. Wala mkulima asibebeshwe lawama yote. Jembe lake huchokora udongo wenye vigae vya kale, lakini pia hung'oa vichaka ambavyo mizizi yao hupasua kuta.

Sayyid Abdalla aliweza kuuonya moyo kwa sababu aliweza kuitaja nyumba. Likitoweka daka la mwisho, ubeti wake utabaki na funzo, bali utakuwa umepoteza macho. Basi anayeufundisha utenzi huu na awapeleke wanafunzi Pate, kitabu mkononi, wamwombe mkulima ruhusa ya kupita kando ya matuta yake, wakitafute kiwanda kwa miguu yao wenyewe.