Doktora si sadaka

Bandugu, kila wiki kwenye kundi letu naona ujumbe uleule: "Mwenye kujua bourse ya doktora anisaidie." Mutu haandiki alisoma nini, wala anataka kuchunguza kitu gani. Yuko anaomba tu, sawa vile mutu anaomba chumvi kwa jirani. Siwacheki. Miaka miwili, hata mimi nilikuwa vile.

Mwaka wa kwanza nilitumia maprofesa zaidi ya 40 barua moja. Nilibadilisha majina yao tu. Niliandika kwamba kwetu kuna vita, kwamba familia haina uwezo, kwamba napenda sana utafiti. Mwaka wa pili nikalipa dola 50 kwa mutu aliyesema yuko na njia ya Ulaya. Njia yenyewe ilikuwa tangazo ambalo kila mutu angelisoma bure, na tarehe yake ilikuwa imepita.

Katika wale 40, mmoja tu alinijibu: pole kwa vita, lakini swali lako la utafiti ni lipi? Nilikasirika. Kisha nikaona sina jibu.

Kosa letu liko hapo. Tunatafuta doktora kama zawadi, wakati sehemu nyingi ni kazi. Sweden na Norway, mwanafunzi wa doktora kwa kawaida ni mfanyakazi wa chuo: yuko na mkataba na mshahara, na nafasi yake inatangazwa kama kazi nyingine. Ujerumani pia wengi wanaajiriwa vile, hata kama mara nyingi mkataba ni wa nusu siku ao zaidi kidogo. EURAXESS, ya Tume ya Ulaya, inaweka matangazo ya namna hiyo bure. Mwenye kusoma faili yako hatafuti maskini kupita wote. Anatafuta atakayeweza ile kazi.

Jambo lingine linatuangusha kimya. Sisi wa mfumo wa zamani tulifanya graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Huko Ulaya, neno licence wanalisoma kama miaka 3 tu. Andika wazi: miaka 5, pamoja na mémoire, na uweke matokeo ya miaka yote. Si kila chuo kitakubali, lakini usikatwe juu ya neno.

Najua mutasema: viza, mutihani wa Kiingereza, intaneti ya kukatika. Ni kweli. Mutasema pia kwamba kwetu hata nafasi ya asistanti inapita masikioni, haibandikwi ukutani. Ni kweli tena, na ndipo tulijifunza kutafuta "mutu wetu" mbele ya kutafuta swali letu. Tabia hiyo tunaibeba mpaka kwa watu wasiotujua.

Mwaka huu niliomba nafasi 3 tu. Moja waliniita kwa mahojiano. Sikupita, lakini waliniuliza juu ya utafiti, si juu ya vita.

Basi naomba kitu kimoja. Mbele ya kuandika "nisaidieni bourse", weka hapa mistari mitano: swali lako, nani ameshaliandikia, na utalijibu namna gani. Tukosoane bila haya. Naanza mimi: kati ya shamba la Masisi na soko la Goma, bei ya maharagwe inapanda wapi, na nani anabaki na ile faida? Semeni pale halisimami.