Thamostati Haikuwa na Kosa

Wengi wenu mmeshaiona video ile ya Subaru ya buluu, Impreza WRX STI ya kizazi cha GDB iliyoshushwa kutoka Japani na kuanza kuchemsha kabla mwenyewe hajazoea gia zake. Naipa safu nzima kwa sababu ya kitendo kimoja ambacho hakikufika hata dakika moja. Fundi wa kwenye video alifungua kasha la thamostati chini ya pampu ya maji, akaichomoa, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kisha akafunga kasha likiwa tupu. Hapo ndipo gari lilipoharibiwa, na hapo ndipo watazamaji walipompigia makofi.

Kazi yake nyingine ilikuwa safi. Mkanda wa taimingi aliubadilisha pamoja na rola na tenshena, na hilo ndilo la kwanza kwa yeyote anayenunua gari lililotumika lenye injini hii ya EJ207, kwa kuwa mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni. Plagi, mafuta na breki alivishughulikia vizuri pia.

Sasa turudi kwenye joto. Dalili zote zilikuwa mbele ya kamera. Mshale wa joto ulipanda gari lilipokuwa likipanda mlima, ukashuka lilipoteremka. Mwenyewe alipofungua hita wakati mshale uko juu, ilitoka hewa ya baridi. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu kwa shinikizo la tangu jana yake. Halafu kamera ilipita juu ya tenki la akiba injini ikiwa inanguruma, na mapovu yalikuwa yakipanda, moja likifuata jingine bila kukoma. Fundi alikuwa amesimama hapohapo, kitambaa mkononi.

Thamostati iliyokwama haitoi mapovu, wala haiachi shinikizo ndani ya mpira usiku kucha. Mapovu yana asili mbili. Ya kwanza ni hewa iliyonasa kwenye njia za maji mtu alipobadilisha kulanti bila kutoa upepo. Ya pili ni moshi wa silinda unaopenya gasketi ya hedi na kuingia kwenye maji. Zote mbili hufanya hita itoe baridi, maana hewa au moshi hukusanyika mahali ambapo maji moto yangepaswa kupita. Tofauti ni kwamba hewa huisha ukiitoa, ilhali moshi huendelea kuja kila silinda inapowaka. Ule mpira mgumu wa asubuhi ulielekeza kidole upande wa gasketi, na kwa maoni yangu kesi ilikuwa karibu imekwisha kabla spana haijashikwa.

Kuthibitisha si kazi ya siku mbili. Kuna kimiminika cha kupimia chenye rangi ya buluu. Unakiweka kwenye kichupa chake juu ya mdomo wa tenki, unavuta hewa ya tenki ipite ndani yake injini ikiwa inanguruma, na kikigeuka njano ujue moshi wa petroli umo ndani ya maji. Baada ya hapo unapima mgandamizo wa silinda zote nne, au unajaza kila silinda hewa ya kompresa na kusikiliza inatorokea wapi. Vifaa hivi vipo kwenye gereji nyingi za mijini. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kwenye video ile.

Tuseme basi ni hewa tu iliyonasa. EJ ni injini ya boksa, pistoni zinalala kushoto na kulia, na upepo una mahali pengi pa kujificha. Kwenye turbo za kizazi hicho unajaza kulanti polepole kupitia tenki dogo lililo juu ya injini, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, unaminya mipira kwa mkono, unaiacha injini ipate moto mpaka feni iwake na kuzima zaidi ya mara moja, kisha unasubiri ipoe na kuongeza. Vifuniko ni viwili, cha rejeta na cha tenki, na havina nguvu sawa. Vikibadilishana nafasi, mfumo hauwezi tena kushika shinikizo lake na maji huchemka mapema. Fundi alivifungua vyote viwili na kuviweka juu ya betri. Nilitazama kwa makini kama alirudisha kila kimoja mahali pake, lakini video ilikatwa kabla ya hapo.

Na kama aliishuku thamostati kwa dhati, angeipima. Sufuria ya maji, kipimajoto, uzi wa kuining'iniza. Ya Subaru hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na hufunguka yote ikifika 91. Ikifanya hivyo ni nzima, isipofanya unanunua nyingine ya kiwandani, ambayo ni miongoni mwa spea rahisi kabisa za gari hilo. Kuitoa bila kuipima na kutoweka nyingine ni kubahatisha.

Sababu aliyoitoa ni ile ninayopambana nayo tangu nianze kuandika safu hii: kwamba kifaa hiki ni cha nchi za baridi, na kwetu hakina kazi. Kwanza, nchi yetu si Dar es Salaam na Mombasa peke yake. Mwenye Subaru aliyeko Njombe au Limuru anajua asubuhi ya Julai ilivyo. Pili, Tokyo kwenyewe gari lilikotoka, joto la Agosti hufika nyuzi 35. Muscat, waliko ndugu zetu wengi, kiangazi hupita nyuzi 40, na Subaru za huko zina thamostati na zinatembea. Tatu, na hili ndilo la msingi, thamostati haiulizi hali ya hewa. Inalinda joto la injini lisishuke chini ya kiwango chake, na hakuna mji Afrika Mashariki ambao hewa yake inakaribia nyuzi 80.

Nami sikubaliani na wale wanaompinga fundi kwa hoja kwamba bila thamostati maji hupita haraka mno yasipate muda wa kupoa. Hoja hiyo ni dhaifu, na ndiyo inayowapa mafundi wa aina hii nafasi ya kucheka. Madhara halisi ni mengine. Injini isiyofikia joto lake huifanya kompyuta iamini kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na kompyuta huendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada huosha utando wa mafuta kwenye kuta za silinda, hushuka chini na kuchanganyika na mafuta ya injini, ambayo nayo hayapati moto wa kutosha kuikausha. Mafuta huwa mepesi. Mwenye EJ yeyote anafahamu beringi za konrodi zake zinavyochukia mafuta mepesi. Kwa hiyo fundi ameiacha gasketi na ubovu wake, kisha akafungua mlango wa ubovu wa pili.

Majaribio ya mwisho yalinisikitisha zaidi. Gari lilikimbizwa jioni, barabara tambarare, bila mzigo, mshale ukalala chini na watu wakashangilia. Mshale wa Subaru umetengenezwa utulie katikati hata joto likibadilika sana, na unapoanza kupanda umeshachelewa. Namba za kweli zipo kwenye kompyuta, zinasomwa kwa kifaa kidogo, na mahali pa kuzisomea ni mlima uleule uliolichemsha gari.

Ndivyo ilivyo pia kwa valvu za turbo zinazopumulia nje: huwafurahisha watazamaji tu. Hufungwa kwa sababu ya sauti, ilhali sensa imeshaihesabu hewa inayomwagwa na kompyuta imeshaitolea petroli. Gari hili linayo tayari. Hakuna aliyelitaja hilo, wala hakuna aliyemuuliza mwenyewe anajaza petroli gani, ingawa injini hii ya farasi 280 ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha JIS haishuki chini ya oktani 96. Petroli hafifu huifanya injini igonge, na mzigo wa kugonga huko hubebwa na pistoni na gasketi.

Vijana wakiisifia Subaru wanapenda kulitaja jina la Colin McRae, aliyeshinda mbio za magari za Safari za 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns aliyerudia ushindi huo na Impreza mwaka 2000. Mimi kwa jambo hili la ufundi nawapeleka mbali zaidi, kwa Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari lililowahi kuwa la timu ya kiwanda. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Alilijua gari lake kwa mikono yake mwenyewe, na baadaye akaongeza ushindi wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Namweka yeye juu ya kila fundi anayetengeneza mbele ya kamera leo, kwa kuwa gari lake lilihukumiwa na maelfu ya kilomita za vumbi na matope, wala si na mzunguko mmoja wa jioni.

Kijana mwenye Subaru ile, kama unasoma: usilipandishe mlimani. Nunua thamostati ya kiwandani na uirudishe, badilisha mafuta ya injini, hakiki vifuniko viwili vya kulanti, toa upepo, kisha dai kipimo cha moshi kwenye maji kabla ya kumlipa mtu yeyote senti nyingine. Kimiminika kikigeuka njano, injini ishushwe na gasketi za hedi zote mbili zibadilishwe, hedi zikapimwe unyoofu. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kununua injini nyingine.