Mjane kwa Mgane: Mkingamo wa Msiba katika Chozi la Heri

Riwaya ya mapenzi baada ya msiba ina mtego wake. Msomaji anajua tangu mapema kwamba anayelia atafarijiwa, na mwandishi asiye makini huiharakisha faraja hiyo, marehemu akawa kizingiti tu cha kurukwa ili harusi ifikiwe. Assumpta K. Matei, katika Chozi la Heri, ameukwepa mtego huu kwa muundo. Waliosoma kitabu hiki kikiwa riwaya teule ya KCSE, kati ya 2018 na 2022, hapa Machakos na kwingineko nchini, walikizoea kama riwaya ya ukabila, ardhi na ukimbizi wa ndani baada ya uchaguzi. Ndivyo ilivyo. Ila ndani yake mna kisa cha mjane na mgane, kidogo kwa kurasa na kikubwa kwa ufundi.

Tuanze na mpangilio wa vifo. Mwangeka yuko Mashariki ya Kati katika kikosi cha kudumisha amani wakati moto unaowashwa na jirani, Mzee Kedi, unapomteketezea mkewe Lily, binti yao Becky, mama yake na nduguze. Aliyekwenda penye risasi anarudi mzima. Waliobaki nyumbani ndio wanaokufa. Sasa mweke Apondi, mjane anayekuja kuwa mke wake wa pili, kando yake. Mumewe wa kwanza, Mandu, naye alitoka kwenda kulinda amani ugenini, akafia huko, na nyumbani akawaacha hai mke na binti yao Sophie. Masharti ni yale yale, matokeo yamepinduka. Mpangilio huu nauita mkingamo: misiba miwili inayokatana kama mihimili ya paa, kila mmoja ukishikilia uzito ambao mwenzake peke yake usingeuhimili. Kwa Apondi, Mwangeka ni Mandu aliyerudi. Kwa Mwangeka, Apondi ni Lily aliyenusurika. Hatari ya mmoja kuwa kiraka cha marehemu wa mwenzake ni kubwa, na naamini mwandishi anaijua, kwa kuwa hampi yeyote kati yao hotuba ya kulinganisha. Ulinganisho anamwachia msomaji aufanye mwenyewe. Ongeza kinaya hiki: Lily ndiye aliyekuwa hapendi mumewe ajiunge na jeshi. Jeshi alilolipinga lilimrudisha mume mzima, naye akafia nyumbani.

Mwendo wa usimulizi nao una hoja yake. Msiba umepewa onyesho zima. Katika sura ya kwanza Ridhaa, babake Mwangeka, anasimama mbele ya magofu, na mbinu rejeshi inamvuta nyuma hadi kwenye mlio wa bundi, kwenye mazungumzo na mkewe Terry, kwenye mijadala na binti yake Tila, hata marehemu wakawa na sauti nzito kuliko ya aliye hai. Mapenzi ya pili, kinyume chake, yamesimuliwa kwa muhtasari. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na stendi ya mabasi hapa mjini, na penseli ya mwanafunzi aliyeimiliki imejaa pambizoni mwa sura ya kwanza: taharuki, takriri, balagha, mbinu rejeshi mara kadhaa. Kurasa za Apondi ni safi. Simlaumu, mtahini hachoti dondoo pasipo na tamathali. Lakini uchache huo wa mapambo ndio mbinu yenyewe. Huzuni katika riwaya hii hurudiarudia, huuliza maswali yasiyojibiwa na kukatiza wakati. Mapenzi huja kwa sentensi nyoofu, za watu wazima wanaojua kitu kinaweza kupotea kwa usiku mmoja. Anayetafuta mpapatiko wa moyo atafute vijitabu vya David Maillu vya miaka ya 1970.

Kisha kuna jina la mtoto. Mwangeka na Apondi wanapojaliwa mtoto wanamwita Ridhaa, na msomaji wa Ukambani hahitaji kuelezwa, kwa sababu kwetu mwana wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba jina lililochaguliwa ni la aliye hai. Mwandishi angeweza kuwarudisha waliokufa kupitia kitoto hiki, na machozi yangepatikana kwa bei rahisi. Badala yake anamrudufisha aliyebaki, yule yule tuliyekutana naye mbele ya magofu, naye Becky anabaki Becky, hana mrithi.

Umulkheri, msichana ambaye wazazi hawa wanamlea kama mtoto wao, ndiye anayelipanua penzi hilo hadi nje ya wawili. Wengi wamelalamikia sadfa zinazomkutanisha na nduguze, Dick na Mwaliko, na kwa kweli ile ya uwanja wa ndege inanichosha hata mimi. Ila udhaifu ninaouona mzito zaidi ni mwingine. Mkingamo unadai nguzo nne, na Apondi anapoingia, nguzo ya Lily inalegea: mwanasheria aliyekuwa na msimamo wake kuhusu jeshi anageuka jina moja katika orodha ya waliokufa. Mandu hakupewa sura, hivyo hatumdai. Lily alipewa, na kumbukumbu yake ilistahili angalau ukurasa mmoja ndani ya ndoa ya pili.